Nimeweka sura ya msanii kwenye mafuta ya ndevu, sasa nadaiwa milioni mbili

Wakili, salamu nyingi kutoka Likoni.

Mimi ni kinyozi. Nilianza na kiti kimoja chini ya mwarobaini, sasa nina viti vitatu na vijana wawili wa kunisaidia, na kazi inakwenda, alhamdulillahi. Mwaka jana nilianza kutengeneza mafuta ya ndevu mwenyewe: nazi, nyonyo na karafuu kidogo. Chupa ya mililita 50 nauza shilingi 350. Wateja waliyapenda.

Kuna msanii mmoja mkubwa, jina lake nalihifadhi. Alikuja Mombasa kwa shoo, na meneja wake akamleta kwangu anyolewe kabla ya kupanda jukwaani. Sikumtoza hata shilingi. Tulipiga picha pamoja, yeye mwenyewe akaniwekea mkono begani. Niliipandisha Instagram na akaipiga laiki. Wiki ile foleni ya wateja ilifika mlangoni.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilimtafuta kijana aliyepiga picha kwenye ile shoo, nikanunua kwake picha moja ya msanii akiwa ameinua kidevu, ndevu zinameremeta. Nilimlipa 3,000 na ujumbe wa M-Pesa ninao. Nikaiweka kwenye lebo, na chini yake nikaandika "Siri ya Ndevu za Staa". Jina lake sikuliandika popote. Nilichapisha lebo mia sita. Ukutani nje, fundi amenichorea sura yake karibu na ubao wa bei, pamoja na wachezaji wawili wa mpira wa Ulaya, kama ilivyo kwa vinyozi wengi.

Sasa nimeletewa barua ya wakili kutoka Nairobi. Anataka niondoe chupa sokoni, nifute posti zote na nilipe shilingi milioni mbili ndani ya siku 14, la sivyo nitapelekwa mahakamani na kwa Kamishna wa Data. Wakili, faida yangu yote ya hayo mafuta haifiki laki moja.

Naomba unieleze. Huyu si mtu wa watu? Sura yake iko kwenye matatu, iko kwenye tisheti za sokoni, mbona niandamwe mimi? Picha niliilipia. Na alikubali kupiga picha dukani kwangu. Shemeji yangu anasema barua niitupe, ni vitisho tu. Rafiki yangu mwingine anasema nibadilishe lebo, niweke katuni ya akili unde isiyofanana naye sana. Nifanyeje?

Kinyozi wa Likoni

*

Ndugu kinyozi,

Nitamjibu shemeji yako kwanza kwa sababu siku zinakwenda. Barua usiitupe. Zile siku 14 si amri ya mahakama, ni muda ambao wakili wa msanii amejiwekea kabla ya kuchukua hatua nyingine. Na milioni mbili si hukumu, ni bei ya kufungulia mazungumzo, kama bei ya kwanza unayotajiwa na muuza vitunguu Kongowea. Lakini ukinyamaza, jambo hili litafika mbele ya mtu wa tatu, na cha kwanza atakachoonyeshwa ni kwamba uliandikiwa, ukakaa kimya, na chupa zikaendelea kuuzwa.

Sasa hilo la "mtu wa watu". Mtu akiwa maarufu tunaruhusiwa kumzungumzia, kumsifu na kumkosoa, na gazeti linaweza kuchapa picha yake akiwa jukwaani bila kumbishia hodi. Hiyo ni habari. Chupa yako haitoi habari yoyote. Pale kwenye rafu, sura yake inafanya kazi ya kuuza mafuta, kazi ambayo kampuni za simu na za vinywaji huwalipa watu wa aina yake pesa nyingi waifanye. Umaarufu haujampunguzia haki juu ya sura yake. Umeipandisha bei tu.

Kenya hatuna sheria moja yenye jina la haki ya sura. Sisi mawakili huishona kutoka vipande vipande. Katiba ya 2010 inalinda hadhi ya mtu katika Kifungu cha 28 na faragha yake katika Kifungu cha 31. Tumerithi pia kutoka Uingereza kanuni inayomkataza mfanyabiashara kuuza bidhaa yake kana kwamba imetoka kwa mwingine au imeidhinishwa naye. Na tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitoa kipimo ambacho mawakili wengi tunakitumia hadi leo, cha maswali matatu. Je, umetumia kitu cha mtu kinacholindwa, kama jina lake au sura yake? Umekitumia kwa manufaa yako? Na umefanya hivyo bila idhini yake?

Weka lebo yako mbele ya maswali hayo. Sura ni yake, na kusema hukuandika jina hakukusaidii, maana ungetaka nani asimtambue? Mtu anayenunua chupa kwa sababu amemjua yule aliyeinua kidevu ndiye mteja uliyemlenga. Manufaa ni zile 350. Idhini huna. Kwa lebo hiyo, ndugu yangu, sioni pa kukutetea, na wakili atakayekuambia tofauti huenda anataka ada ya kesi ndefu.

Kinachonikera zaidi hata si picha, ni yale maneno matano. "Siri ya Ndevu za Staa" inamwambia mteja kwamba msanii huyu hupaka mafuta haya. Amewahi kuyapaka? Kwa barua yako, alikuja, akanyolewa, akaenda zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai bidhaa imeidhinishwa na mtu ambaye hakuiidhinisha. Kwa hiyo hapo hujamkosea msanii peke yake. Umemkosea na yule kijana wa Mtongwe aliyetoa pesa yake akiamini.

Uliilipia picha, kweli, ila tuangalie ulinunua nini. Mpiga picha kwa kawaida ana hakimiliki ya picha aliyoipiga, na anaweza kukuuzia ruhusa ya kuitumia. Sura iliyomo ndani ya picha si yake, na hawezi kukuuzia asichokuwa nacho. Kosa hili wamelifanya watu wenye mawakili wa kila aina. Mwaka 2010 kampuni moja ya makoti ya Marekani, Weatherproof, iliweka bango kubwa pale Times Square, New York, likimwonyesha Rais Obama kwenye Ukuta Mkuu wa China akiwa amevaa koti lao. Picha walikuwa wameinunua kihalali kutoka shirika la habari la AP. Ikulu ya Marekani ililalamika na bango likaondolewa.

Kesi inayokufaa zaidi ni ya Rihanna. Duka la nguo la Topshop la Uingereza liliuza fulana yenye picha yake iliyopigwa alipokuwa akirekodi video huko Ireland ya Kaskazini mwaka 2011. Walimlipa mpiga picha. Yeye mwenyewe hawakumuuliza. Sasa angalia: Uingereza haitambui haki ya jumla ya mtu maarufu kumiliki sura yake, na majaji walisema hivyo wazi. Hata hivyo Topshop walishindwa, Mahakama Kuu mwaka 2013 na tena kwenye rufaa mwaka 2015. Kilichowaangusha ni mazingira. Picha ilifanana na zile zilizotangaza albamu yake, na duka lilikuwa limewahi kujitangaza kwa kutumia uhusiano wake nalo, ikiwemo siku alipokuja kununua nguo pale. Shabiki angeamini kwamba fulana ile ina baraka zake. Wewe nawe una posti ya msanii akiwa kwenye kiti chako, kisha zinafuata chupa zenye sura yake. Wakili wa upande wa pili ataziweka kando kwa kando na hatahitaji kusema mengi.

Ndiyo maana ule mkono begani haukusaidii kama unavyodhani. Alikubali kupiga picha ya ukumbusho na kinyozi wake, na pengine, kwa ile laiki, alikubali uipandishe. Hakukubali kuwa lebo. Sheria ya Data inadai idhini ya wazi kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Sheria hiyo hiyo inasema mzigo wa kuthibitisha idhini uko kwa aliyeitumia data. Yaani si yeye wa kuthibitisha kwamba alikataa, ni wewe wa kuonyesha kwamba alikubali. Utaonyesha nini, laiki?

Hilo la Kamishna wa Data usilichukulie kama kitisho cha kujaza karatasi. Ofisi yake, inayosimamia Sheria hiyo ya Data, inafanya kazi, na malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90, kasi ambayo mahakama zetu haziwezi kuiota. Desemba 2022 waliitoza kampuni ya simu ya Oppo tawi la Kenya shilingi milioni 5 kwa sababu ya picha ya mtu iliyowekwa Instagram bila idhini. Septemba 2023 kilabu kimoja cha Nairobi, Casa Vera, kilitozwa 1,850,000 kwa kupandisha mitandaoni picha ya mteja aliyekuwa akistarehe. Siku hiyo hiyo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumiwa bila idhini ya wazazi. Walalamikaji hao hawakuwa mastaa. Hata mteja wako wa kawaida, unayempiga picha ya kisogo ukaiweka status na bei chini yake, ana haki hiyo. Vinyozi na wasusi wengi wanaonisoma leo wangefanya vyema kupitia kurasa zao jioni hii.

Kabla hujakosa usingizi, kuna jambo la kukutuliza. Faini ya Kamishna kwa biashara ina kikomo cha milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Asilimia moja ya mauzo ya kinyozi mwenye viti vitatu haifiki milioni kwa namna yoyote. Fidia kwa mlalamikaji ni hesabu nyingine, nayo haina jedwali. Lakini mahakama hupenda kuuliza swali la kibiashara: wangekaa mezani, angelipwa kiasi gani kwa haki kama hii? Mwaka 2002 dereva wa magari ya mbio Eddie Irvine alishinda kesi dhidi ya redio ya Talksport ya Uingereza. Walikuwa wamechukua picha yake akiwa na simu mkononi, wakafuta simu, wakaweka redio yenye jina lao. Jaji alimpa pauni 2,000 tu. Rufaa ikapandisha hadi 25,000, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hiyo ndiyo bei ya chini ambayo angekubali kulipwa. Kwa hiyo wakili wa msanii akitaka milioni mbili, ni haki yako kumuuliza mteja wake hulipwa kiasi gani na biashara yenye ukubwa wa yako, kwa chupa mia sita, kwenye mtaa mmoja. Barua nyingi za madai hupoa hapo.

Mbona wengine hawaandamwi? Hili swali naletewa na kila mtu. Tisheti za sokoni, matatu za Nairobi zilizochorwa nyuso kutoka bampa hadi bampa, yote ni kweli. Hata mama yako huenda ana ile kanga iliyotoka mwaka 2008, sura ya Obama katikati na maandishi "Hongera Barack Obama, upendo na amani ametujalia Mungu". Ni kanga nzuri, nami ningeivaa. Lakini mtu kutoshtaki si ruhusa. Mwenye sura huchagua wa kumfuata, na humfuata yule aliyempata kirahisi: mwenye duka, namba ya simu kwenye lebo na ukurasa wa Instagram. Muuza tisheti anayetandaza turubai na kuhama na jua utamwandikia barua kwa anwani ipi? Si haki, nakubali. Ila "na yule je?" haijawahi kuwa utetezi mahakamani.

Ule mchoro wa ukutani ni jambo tofauti, na hapo nina moyo mwepesi kidogo. Katiba inalinda ubunifu wa sanaa katika Kifungu cha 33, na Sheria ya Data yenyewe inaipa sanaa nafasi ya pekee. Sura za ukutani kwenye vinyozi ni mila yetu, mafundi wa kuchora wanaishi kwayo, na ningesikitika kuona zimepakwa chokaa kote pwani. Ungekuwa na ukuta tu ningekuambia ujibu kwa heshima na usikubali haraka. Lakini wako umekaa karibu na ubao wa bei, na ndani kuna chupa zenye sura ile ile. Vyote vitatu vikisimama pamoja vinasomeka kama tangazo moja. Sura ya msanii ifute ukutani kwa sasa, ionekane umechukua hatua. Wale wachezaji wa Ulaya wasogeze mbali na ubao wa bei fundi atakaporudi, na usiandike chini yao kwamba wananyoa kwako.

Rafiki yako wa katuni mwambie akae kando. Marekani, mwaka 1992, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba Vanna White, mtangazaji wa mchezo mmoja wa televisheni, anaweza kuishtaki Samsung kwa tangazo ambalo hata sura yake haikuwemo. Walikuwa wameweka roboti lenye wigi ya dhahabu, gauni na vito, limesimama kando ya ubao wa herufi kama alivyosimama yeye. Kila mtu alimjua. Hukumu za Marekani haziwafungi majaji wa Mombasa, lakini hoja ni rahisi kuibeba: kama lengo la mchoro ni mteja amkumbuke yule yule, umebadilisha wino tu. Na ukiichora sasa, baada ya kupata barua, hutasema tena kwamba hukujua.

Sasa kazi. Leo hii acha kuuza chupa zenye lebo hiyo na uziombe zirudi kutoka maduka uliyowapelekea. Usizichome, na lebo zilizobaki usizitupe. Zihesabu, uandike umeuza ngapi na zimebaki ngapi, kwa sababu idadi ndogo ndiyo silaha yako kubwa katika mazungumzo. Posti za mafuta ziondoe mtandaoni, lakini kwanza zipige picha zikiwa na tarehe zake. Ile ya mkono begani unaweza kuibakiza mpaka atakapokuambia uitoe, bali futa chini yake maneno yanayoelekeza watu kwenye mafuta. Usimjibu msanii hadharani, wala usiwaruhusu vijana wako wamtukane kwenye maoni. Nimeona kesi za elfu hamsini zikawa kubwa kwa ajili ya komenti.

Kisha hakikisha aliyekuandikia ni wakili kweli. Tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK, ina sehemu ya kutafuta jina na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Matapeli wamegundua kwamba barua yenye nembo inatisha.

Majibu yaandikwe na wakili wako, hata kama utamlipa kwa barua moja tu. Yaandikwe kwa msingi wa kutafuta suluhu bila kuathiri haki zako, ili maneno yake yasije kusomwa mahakamani kama ungamo. Yaseme umeacha kuuza, idadi ni hii, faida ilikuwa hii, lebo zilizobaki uko tayari kuzikabidhi, na unapendekeza kiasi fulani unachoweza kulipa bila kufunga duka. Ofisi ya Kamishna nayo inaruhusu wahusika kusuluhishana hata malalamiko yakishafika kwake. Na kama mafuta ni mazuri kweli kama unavyosema, usiogope kuuliza kama msanii angependa kuingia mkataba, apate sehemu ya kila chupa na wewe utumie sura yake kwa maandishi. Mara nyingi meneja anayeandikisha barua kali ndiye anayetafuta biashara.

Kijana mpiga picha alikuambia nini alipokuuzia? Kama alisema ana ruhusa ya msanii, mdai 3,000 zako. Kama hakusema lolote, alikuuzia picha na umeipata.

Jambo moja hukuliuliza. Hayo mafuta yana alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya? Barua yako haisemi, na bidhaa ya kupaka mwilini inaihitaji iwe na staa au isiwe naye. Tafadhali shughulikia hilo kabla ya kuchapisha lebo mpya, maana upande wa pili ukikosa pa kukubana kwenye sura utakubana hapo. Lebo mpya iwe na jina la duka lako, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kuisha muda. Barua ya majibu itumwe kwa barua pepe na nakala ya mkononi, na anayeipokea atie sahihi na mhuri kwenye nakala yako kabla siku 14 hazijaisha.